Imani ya Moyoni na Kanuni za Kanisa: Mama Afanyeje?



Mwezi huu tumeona tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tunalijua, ila tunalisema kwa kunong'ona tu, tukiwa kisimani au tunaposukana nywele. Ni jambo la mama anayempenda Mungu kwa moyo wake wote, lakini kanisa lake limemwambia, "Wewe bado." Je, mama huyo afuate sauti ya moyo wake, au afuate kanuni alizowekewa? Na sisi tulio ndani, tunaokaribia Meza ya Bwana bila kizuizi, tunamwambia nini?

Tutaanza na usiku mmoja ambao sisi wenyewe hatutausahau, kwa kuwa usiku ule kosa lilikuwa letu.

Usiku ule wodini

Sisi ni wauguzi, tena ni watumishi wa kujitolea kanisani. Siku za kazi tuko wodi ya wazazi, na Jumapili tuko na akina mama wenzetu katika kutembelea wagonjwa. Mambo hayo mawili tuliyaona kuwa ni kazi moja, mpaka usiku huo yalipogombana mikononi mwetu.

Tulikuwa zamu ya usiku. Binti mmoja, mtoto wake wa kwanza, alikuwa amejifungua kabla ya siku zake. Mtoto alikuwa njiti, wa gramu 1,200. Tulimfunga kifuani kwa mama yake kwa kanga, ngozi kwa ngozi, kama tulivyofundishwa, akaendelea vizuri kwa siku mbili. Siku ya tatu, kama saa nane za usiku, akaanza kusahau kupumua. Tulimkumbusha kwa kumsugua nyayo, tukampa hewa, akarudi. Baada ya dakika chache akasahau tena. Aliyewahi kufanya kazi hii anajua dalili hizo zinaelekea wapi.

Mama yake naye alijua. Akatuambia, "Mama, naomba mtoto wangu abatizwe."

Tulimfahamu binti huyu, maana alikuwa wa usharika wetu. Alikuwa ametengwa. Yeye na mwenzake walikuwa wakiishi pamoja bila ndoa yao kubarikiwa kanisani, kwa sababu mahari haikuwa imemalizika na wajomba zake walikataa kutoa ruhusa. Kwa hiyo jina lake lilikuwa katika orodha ya wale wasiokaribia Meza ya Bwana, na desturi ya usharika wetu ilikuwa kwamba mtoto wa waliotengwa habatizwi mpaka wazazi warudi kundini.

Basi tulifanya nini? Tulitoka nje, tukampigia simu mwinjilisti. Mwinjilisti akasema hawezi kuamua peke yake, tusubiri kukuche amwulize mchungaji. Tukarudi ndani tukamwambia binti asubiri. Hakujibu neno. Alijifunika kanga kichwani pamoja na mtoto wake, tukaona midomo yake inacheza bila sauti. Mmoja wetu alifikiri homa imempanda na sasa anaweweseka, akaenda kuchukua kipimajoto. Homa haikuwapo. Alikuwa anaomba.

Saa kumi na moja alfajiri mtoto akafariki. Mchungaji alikuwa bado hajaamka.

Majibu mawili tuliyoyasikia

Habari hiyo ilipofika katika kikundi chetu cha akina mama, maneno yaligawanyika pande mbili.

Upande mmoja walisema, "Kanuni ni kanuni. Kanisa likiachia hili, kesho kila msichana atakaa na mwanamume kinyumba bila ndoa." Wasemao hivyo si watu wabaya. Ni akina mama waliolea mabinti, waliosubiri ndoa zao kwa heshima, na wanaojua kwamba nyumba isiyo na utaratibu huanguka.

Upande wa pili walisema, "Mimi ndiyo maana naomba nyumbani kwangu. Mungu anaangalia moyo. Kanisa limejaa watu na sheria zao. Ninaye Yesu, yanitosha." Hawa nao si wabaya. Wengi wao waliumizwa. Mmoja aliachwa na mume aliyekwenda kwa mwanamke mwingine, halafu yeye aliyeachwa ndiye aliyeulizwa maswali mbele ya wazee.

Ndugu msomaji, wewe uko upande gani? Kabla hujajibu, hebu tumtazame mwanamke mmoja katika Biblia ambaye naye aliomba midomo ikicheza bila sauti.

Hana mbele ya kuhani Eli

Katika sura ya kwanza ya kitabu cha Samweli wa Kwanza tunamkuta Hana, mke mwenye mke mwenza, asiye na mtoto, anayechokozwa mwaka baada ya mwaka. Familia ilipokwenda Shilo kutoa dhabihu, Hana alimwaga moyo wake mbele za Bwana. Hakutumia maneno ya sala ya pamoja. Aliomba moyoni, midomo tu ikicheza. Kuhani Eli, aliyeketi mlangoni, alimtazama akadhani amelewa, akamkemea.

Fikiri juu ya jambo hilo. Mtu aliyewekwa na Mungu kulinda utaratibu wa ibada alimwona mwombaji wa kweli akamdhania mlevi. Sisi wauguzi tulikwenda kuchukua kipimajoto. Ni kosa lile lile.

Lakini angalieni na upande wa pili. Hana hakumtukana Eli, wala hakusema, "Kumbe hawa makuhani hawajui lolote, nitaomba nyumbani." Alisimama pale pale akamjibu kwa heshima na kwa ukweli: si mlevi, ni mwanamke mwenye huzuni aliyemwaga roho yake mbele za Mungu. Na Eli, kwa sifa yake, alisikia. Hakung'ang'ania neno lake la kwanza. Alimbariki, akamwambia aende kwa amani. Mtoto alipozaliwa na kuachishwa ziwa, Hana alimrudisha mahali pale pale, kwa kuhani yule yule.

Moyo wa Hana ulikuwa huru, wala haukumtoa nyumbani mwa Bwana.

Moto uliowashwa hospitalini

Jambo hili si la Shilo tu. Afrika Mashariki tunayo historia yetu wenyewe, na sisi wauguzi tunaipenda kwa sababu sehemu yake kubwa ilianza hospitalini.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, huko Gahini, Rwanda, palikuwa na hospitali ya misheni ya Kianglikana. Daktari wake, Mwingereza Joe Church, alikuwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kubwa iliyoikumba nchi. Mwezi wa Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika, na kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Wakaketi wawili hao, Mzungu na Mwafrika, wakasoma Biblia na kuomba pamoja habari za Roho Mtakatifu. Daktari akarudi Gahini akiwa mtu mwingine.

Pale hospitalini kiongozi wa wahudumu alikuwa Yosiya Kinuka. Alikuwa na manung'uniko mengi juu ya kazi. Akaenda Kampala kumwona Nsibambi, akamweleza shida za hospitali. Nsibambi hakukubaliana na manung'uniko yake. Alimwuliza habari za dhambi iliyokuwa moyoni mwake mwenyewe. Kinuka alitafakari jambo hilo, na katika safari ya kurudi akampa Kristo maisha yake. Baadaye akawa mchungaji.

Hivyo ndivyo ulivyoanza ule Uamsho ambao watu wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Walisimama hadharani wakaungama. Walirudisha vitu walivyoiba. Waume waliwaomba wake zao msamaha, jambo ambalo lilikuwa gumu kusikika siku zile. Wanawake nao walisimama wakashuhudia mbele ya wanaume. Ulienea Uganda, Kenya, Burundi, na mwaka 1939 ulifika Katoke huku kwetu Tanganyika, ukaenea Bukoba miongoni mwa Waanglikana na Walutheri.

Lakini je, kanisa liliupokea kwa furaha? Si kila mahali. Balokole walisema wazi kwamba kanisa limepoa, na kwamba watu wanakwenda Meza ya Bwana huku wanaficha dhambi. Mwalimu Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, alikuwa tayari kuyasema hayo mbele ya sinodi ya Uganda mwaka 1936, lakini aliugua homa akafariki Januari ya mwaka huo. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, wanafunzi waliokuwa wakiamka kabla ya alfajiri kuomba na kuhubiri waliamriwa waache. Walikataa. Wanafunzi 26 walifukuzwa chuoni. Mmoja wao alikuwa William Nagenda, ambaye hakuwekewa mikono kuwa kasisi mpaka alipofariki mwaka 1973.

Hapo ndipo wangeweza kusema, "Tumefukuzwa, tuanzishe kanisa letu." Wako waliojitenga katika miaka iliyofuata, lakini Balokole walio wengi, na Nagenda akiwa miongoni mwao, walibaki. Waliendelea kuketi katika viti vya kanisa lile lile, wakiomba, wakishuhudia, wakikutana katika ushirika wao wa kila juma. Matunda yake yalionekana baada ya muda mrefu. Mwaka 1966 Erica Sabiti, mtu wa Uamsho, alikuwa askofu mkuu wa kwanza Mwafrika wa Uganda, Rwanda na Burundi. Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, alikuwa askofu mkuu mwaka 1974, akauawa Februari 1977 kwa kusimama mbele ya utawala wa Idi Amin. Askofu Festo Kivengere aliwawekea mikono wanawake watatu kuwa makasisi mwaka 1983. Na Josiah Kibira wa Bukoba alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, kuanzia mwaka 1977 hadi 1984.

Haifai tuwasifu bila kusema na upungufu. Mahali pengine wale waliochoka na sheria za kanisa walitunga zao: nywele zikae hivi, ushuhuda utolewe kwa maneno haya, asiyeshuhudia kama sisi hajaokoka. Tumekutana nao vikundini, na pengine sisi wenyewe tumekuwa hao. Kanuni haiui imani kwa sababu imeandikwa na askofu. Hata ile tuliyoitunga sisi wenyewe sebuleni inaweza kuua.

Moyo peke yake nao ni hatari

Sasa tuwageukie wale dada zetu wanaosema, "Mimi na Mungu wangu, basi." Tunawapenda, na kwa kuwa tunawapenda tutawaambia ukweli.

Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliteketea kwa moto ndani ya nyumba yao ya ibada, na maiti nyingine nyingi zilifukuliwa baadaye katika maeneo ya kikundi hicho. Kikundi hicho kilianza na watu waliodai kuona maono. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kwamba wakifunga mpaka kufa watamwona Yesu. Walikuwamo wanawake na watoto wengi.

Akina mama, sisi tumewahi kuona mtoto anayekufa kwa njaa. Hafi upesi. Kwanza hulia, kisha huacha kulia, na hapo ndipo sisi wauguzi tunapoogopa. Wapo akina mama waliokaa na watoto wa namna hiyo wakiamini wanamtii Mungu. Hawakukosa bidii ya moyo. Walikosa mtu mwingine wa kupima lile waliloambiwa: mzee wa kanisa aliyefundishwa, waraka wa dayosisi, hata bibi mmoja mwenye akili katika jumuiya ya kuwaambia, "Mwanangu, kanisa halijafundisha hivyo tangu lilipoanza."

Ndiyo maana mtume Yohana, katika waraka wake wa kwanza, sura ya nne, anatuonya tusiamini kila roho bali tuzijaribu. Na mtu hawezi kuzijaribu peke yake chumbani.

Si kila kanuni ina uzito uleule

Basi tusimame wapi? Hebu tutoe mfano wa kazi yetu.

Wodini kuna sheria nyingi. Iko sheria ya kunawa mikono kabla ya kumgusa mtoto mchanga. Hiyo haina ruhusa. Hata daktari mkuu akija tutamwonyesha sabuni ilipo. Iko pia sheria ya saa za kutazama wagonjwa. Hiyo ni nzuri, bila hiyo wodi itakuwa soko. Lakini bibi akifika saa tano za usiku kutoka kijijini, na mjukuu wake yuko katika pumzi za mwisho, muuguzi atakayemwonyesha kibao cha saa za kutazama wagonjwa hajaelewa kazi yake.

Kanisani ni hivyo hivyo. Liko jambo la kwanza, nalo ni imani yenyewe: mtu na Mwokozi wake. Hilo halitolewi na kamati, wala kamati haiwezi kulifuta.

Liko jambo la pili, fundisho la kanisa zima. Ile imani tunayoikiri Jumapili, juu ya Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, ilipangwa katika mitaguso ya Nikea mwaka 325 na Konstantinopoli mwaka 381, baada ya mabishano makali juu ya Yesu ni nani. Anayesema hayo ni maneno makavu hajakaa na mgonjwa anayekufa. Tumemwona mama mzee aliyesahau majina ya watoto wake, lakini alipoanzishiwa Imani akaendelea nayo mpaka mwisho. Fundisho lilimshika mkono wakati moyo wake mwenyewe ulikuwa umechoka.

Na liko jambo la tatu, kanuni za utaratibu: nani atengwe, kwa muda gani, ndoa ibarikiwe siku gani, mtoto wa nani asubiri. Hizi ziliwekwa na watu kwa ajili ya kulilinda kundi, na watu hao hao wanaweza kuzitazama tena. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana, katika mkutano wao wa Lambeth huko Uingereza, walisema mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Kwa ajili ya mafundisho ya namna hiyo, waume wengi wa Afrika waliwafukuza wake ili wao wapate ubatizo, na waliolia ni wanawake na watoto wao. Miaka 100 baadaye, mwaka 1988, mkutano huo huo wa Lambeth uliamua kwamba mtu wa namna hiyo, akiahidi kutooa tena, aweza kupokelewa pamoja na wake na watoto wake wanaoamini, na asilazimishwe kuwafukuza wake hao kwa sababu ya taabu itakayowapata. Aliyeupeleka mkutanoni uamuzi huo alikuwa askofu wa Kenya, David Gitari. Fundisho la ndoa ya mume mmoja na mke mmoja halikubadilika. Ila mlango ulifunguliwa kwa watu waliokuwa wamesimama nje.

Tatizo letu akina mama ni kwamba mambo hayo matatu tunayachanganya. Tukiambiwa na mzee wa kanisa, "Hairuhusiwi," tunadhani tumeambiwa na Mungu.

Kile ambacho hatukukijua

Turudi wodini. Asubuhi ile mwinjilisti alisema kanisa haliwezi kufanya mazishi. Tukaenda wenyewe, akina mama sita, na jembe la nyumbani kwa binti. Babu yake aliomba. Tuliimba nyimbo mbili, tukarudi.

Juma la tatu tulikwenda kwa mchungaji. Hatukwenda kumshtaki mtu. Tulianza na kosa letu, kwamba tulimwacha mama asubiri. Mchungaji alinyamaza muda mrefu. Kisha aliondoka, akaleta kitabu cha ibada, akatufungulia ukurasa wenye utaratibu wa ubatizo wa dharura. Akatuonyesha kwamba penye hatari ya kufa, Mkristo yeyote aweza kubatiza kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Hilo si jambo jipya. Walutheri wanalifundisha, Waanglikana wanalifundisha, na Kanisa Katoliki linalifundisha.

Akina mama, tulikaa tukiwa tumeinamisha vichwa. Miaka yote hiyo tulikishika kitabu kile kila Jumapili. Kilichotuzuia usiku ule hakikuwa fundisho la kanisa. Fundisho lilikuwa upande wa yule binti. Kilichotuzuia kilikuwa desturi ya usharika, na woga wetu, na kutosoma kwetu.

Mchungaji naye akasema, "Na mimi sikuwafundisha. Kosa hili tuligawane." Hapo tulimkumbuka Eli.

Tunataka kusema neno hapa kwa mama aliyempoteza mtoto asiyebatizwa. Usikubali mtu akuambie kwamba Mungu amemkataa mtoto wako. Ubatizo umeagizwa kwetu, lakini rehema ya Mungu haikufungwa na kuchelewa kwa mwinjilisti. Hata Kanisa Katoliki, ambalo kwa karne nyingi wanatheolojia wake walifundisha juu ya mahali paitwapo limbo, lilitoa mwaka 2007 maandishi ya tume yake ya wanatheolojia yanayosema kuna sababu nzito za kutumaini kwamba watoto hao wanaokolewa.

Mambo ya kufanya

Kutokana na hayo tuliyoyapitia, tunatoa mashauri machache.

1. Omba peke yako kila siku. Dini inayoishi Jumapili tu haitakuvusha saa nane za usiku. Kama nyumba imejaa watu, fanya kama yule binti, jifunike kanga.

2. Soma katiba na kitabu cha ibada cha kanisa lako. Usikubali kuyajua mafundisho kwa kusikia tu. Mara nyingi utakuta kanisa lina huruma kuliko walinzi wa mlango wake.

3. Ukiona kanuni inamwumiza mtu, uliza kwa heshima: imeandikwa wapi, na iliwekwa kwa sababu gani? Nenda na wenzako wawili watatu, tena anza na kosa lako.

4. Usijitenge na ushirika. Kama umetengwa na Meza, bado nyimbo ni zako, na Neno ni lako, na sisi ni dada zako. Na ninyi ambao hamkutengwa, mketisheni kando yenu, asikae nyuma peke yake.

5. Mtu yeyote akikuambia Mungu amekataza dawa, hospitali au chakula cha mtoto, toka hapo siku hiyo hiyo. Mchukue na mtoto.

6. Kwa makanisa yanayobatiza watoto wachanga, wauguzi na wakunga wote wa usharika wafundishwe ubatizo wa dharura. Makanisa yasiyobatiza watoto nayo yawafundishe watu wao namna ya kuomba na mama saa kama ile, asiachwe peke yake.

Kwa binti yetu, jambo lake lilichukua karibu mwaka mzima. Wazee wa kanisa walikwenda kwa wajomba zake, wakapatana kwamba mahari imaliziwe kidogo kidogo. Mzee mmoja hakukubali, mpaka leo anasema tumelegeza kamba. Ndoa ilibarikiwa Jumatano jioni, bila sherehe, kwa chai na maandazi, maana gharama za sherehe ndizo zinazowazuia wengi kuliko hata mahari. Jumapili iliyofuata alikaribia Meza ya Bwana.

Siku ile tulimwuliza kama ametusamehe. Alituambia hakuwa na kinyongo tangu usiku ule, maana mtoto wake alikuwa amemkabidhi mwenyewe, chini ya kanga, wakati sisi tuko nje na simu.

Sasa kila Alhamisi anakuja nasi wodini, akakaa na akina mama wenye watoto njiti. Chumba cha wauguzi tumeweka kikombe safi na kitabu cha ibada. Hatusubiri tena kukuche.